Kwa Nini Mama Panya Huwadhuru Watoto Wake, na Namna ya Kuzuia

Mfugaji wa hamsta (mnyama mdogo mgugunaji anayefugwa majumbani) au panya, aliyehesabu watoto wanane jana, na leo akakuta watano pamoja na kipande cha mguu kilichosalia kwenye matandiko, hahitaji mtu wa kumweleza kilichotokea: mama amewala wanawe. Alichokiona ni kweli. Anachokihitimisha, yaani kwamba mama huyo ndiye aliyewaua, ni jambo jingine, na tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo inayoamua kama hatua atakazochukua zitasaidia au zitazidisha madhara. Kula na kuua ni vitendo viwili vyenye sababu tofauti, na kwa wanyama wagugunaji kimoja hutokea mara nyingi bila ya kingine.

Mama wa jamii hii huanza kula tangu uzazi unapoanza. Hula utando uliomzunguka mtoto, hukata kamba ya kitovu kwa meno, hula kondo la nyuma la kila mtoto, kisha hulamba majimaji yote mpaka kiota kikauke. Hata jike ambaye maisha yake yote amekula nafaka hufanya hivyo. Katika kazi hiyo, mtoto aliyezaliwa mfu, au aliyepoa mwili akawa hatikisiki wala hatoi sauti, huhesabika miongoni mwa vitu vya kuondolewa kiotani. Mzoga unaooza huleta vijidudu, na harufu yake huwaita wanyama wawindaji. Isitoshe, una protini na madini ambayo mwili wa mama umetoka kuyatumia kwa wingi na utayahitaji tena kutengeneza maziwa. Kuuacha hapo kungekuwa hasara maradufu.

Mwaka 2013 watafiti wa nchini Sweden walichapisha matokeo ya kuwachunguza kwa video panya wadogo wa maabara (aina iitwayo mouse kwa Kiingereza, si watoto wa panya) waliopoteza uzao mzima. Maabara nyingi zilikuwa zimezoea kuandika kwamba mama amekula watoto na kuyaacha mambo hapo, kana kwamba sentensi hiyo ilikuwa maelezo. Video hazikuonyesha kwamba mama kuua ndicho kilichokuwa chanzo cha kawaida cha vifo hivyo. Walichokula mama wengi ni watoto waliokwisha kufa. Tofauti kati yao na mama waliofanikiwa kulea ilianza hata kabla ya kuzaa, katika muda walioutumia kujenga kiota. Jambo hilo la kiota litarejea huko mbele, kwa sababu ni miongoni mwa machache ambayo mfugaji ana uwezo kamili wa kuyabadilisha.

Kwa hamsta kuna jambo jingine linalowapotosha watazamaji. Mnyama huyu ana vifuko ndani ya mashavu ambamo hubebea chakula, na mama anaposhtuka huweza kuwatia watoto humo, mmoja baada ya mwingine, akawahamishia pembe nyingine ya kizimba. Anayemtazama huona mtoto akiingia kinywani na kinywa kikifungwa, akaamini ameshuhudia mauaji. Akikimbilia kumkamata mama au kugongagonga kizimba, anaweza kuleta maafa ambayo hayakuwapo, kwani watoto wanaobanwa humo kwa muda mrefu huweza kukosa hewa.

Ubongo wenye njia mbili

Pamoja na hayo yote, mama wanaoua watoto wao wakiwa hai wapo. Kuwaelewa kunahitaji kuiweka kando dhana kwamba malezi ni hali ya kudumu ambayo kila jike huzaliwa nayo. Jike wa panya mkubwa (aina iitwayo rat kwa Kiingereza) ambaye hajawahi kuzaa, akiwekewa watoto wachanga wa mwenzake, kwa kawaida huwakwepa, kwa kuwa harufu yao ni ngeni kwake na humtia woga. Mwaka 1967 Jay Rosenblatt wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, alionyesha kwamba jike wa namna hiyo, akiwekewa watoto kila siku kwa takriban wiki moja, huanza kuwakusanya, kuwalamba na kuwalalia, ingawa hana mimba wala maziwa. Uwezo wa kulea ulikuwamo ndani yake muda wote. Kilichouzuia ni woga.

Mimba huifupisha safari hiyo ya wiki nzima ikawa ya saa chache. Siku za mwisho kabla ya kuzaa, homoni ya projesteroni hushuka ghafla, homoni za estrojeni na prolaktini hupanda, na wakati wa uchungu homoni ya oksitosini humiminwa mwilini na ndani ya ubongo. Harufu iliyokuwa ikimfukuza jike sasa humvuta. Mabadiliko haya yana mahali pake ndani ya ubongo: mwaka 2014 Catherine Dulac na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walibainisha kundi la seli za neva katika eneo la haipothalamasi la panya wadogo ambazo zikiharibiwa malezi huvurugika, na zikiamshwa katika madume wenye kawaida ya kuua watoto, madume hao huacha kuwashambulia. Mwaka 2023 kundi la Dayu Lin la Chuo Kikuu cha New York lilieleza upande wa pili, yaani seli za eneo jirani ambazo zikiamshwa humfanya jike awashambulie watoto. Makundi haya mawili ya seli huzuiana: moja likipata nguvu, jingine hunyamaza, na uzazi huipa nguvu ile njia ya malezi.

Kwa hiyo mama anayeua si lazima awe mnyama mwenye akili iliyoharibika. Ni mnyama ambaye mizani ya ubongo wake imeelemea upande ambao kwa kawaida uzazi huupunguzia uzito. Kinachoielemeza ndicho kinachostahili kutafutwa, na hapo ndipo mjadala unapogawanyika, kwa sababu majibu ni zaidi ya moja na yanaweza kufanya kazi kwa pamoja katika kizimba kimoja.

Uzao mkubwa kuliko uwezo

Hamsta wa dhahabu hubeba mimba kwa siku 16 hivi tu, muda ulio mfupi mno kwa mamalia mwenye kondo la nyuma, na mara nyingi huzaa watoto wanane au zaidi, wasio na manyoya na wasioona. Gharama kubwa haiko kwenye mimba bali kwenye maziwa. Panya mdogo anayenyonyesha uzao mkubwa, anapofika kilele cha kunyonyesha, hula mara tatu hadi nne ya chakula alichokula kabla ya kushika mimba, na bado baadhi ya tishu zake huyeyushwa ili maziwa yapatikane. Mama anayeanza kulea watoto 12 katika mazingira yanayotosha watoto saba anaweza kumaliza akiwa hana hata mmoja, kwa kuwa wote watanyonya kidogo na wote watadhoofika.

Mwaka 1977 watafiti Day na Galef wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walilijaribu jambo hili moja kwa moja kwa kubadilisha idadi ya watoto katika viota vya hamsta baada ya kuzaliwa. Mama walioongezewa watoto walikula wengi zaidi. Mama waliopunguziwa walikula wachache. Hitimisho lao lilikuwa kwamba ulaji huo ni sehemu ya malezi yenyewe, njia ya kuifikisha idadi ya watoto kwenye kiwango ambacho mama anaweza kukimudu. Kauli hiyo huwakera watu wengi, na inaeleweka kwa nini, lakini ndiyo inayofafanua jambo ambalo nadharia ya wazimu haiwezi kulifafanua: kwa nini mama hula watoto wawili au watatu katika siku za kwanza kisha akawalea waliobaki kwa uangalifu mkubwa mpaka waache kunyonya.

Haifai, hata hivyo, kila tukio likaelezwa kwa hesabu hii. Sarah Blaffer Hrdy, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeanza kwa kuwachunguza kima aina ya langur nchini India, alipozipanga sababu za wanyama kuua watoto mnamo mwaka 1979, aliacha nafasi kwa mauaji yasiyo na faida kwa yeyote, yanayotokana na mazingira kuvurugika. Mfano wa hali hiyo unajulikana. Majaribio ya John Calhoun kuhusu msongamano wa panya wakubwa, aliyoyaeleza mwaka 1962, yalionyesha majike walioshindwa kujenga viota, waliowaangusha watoto njiani na kuwasahau hapo. Watoto hao walikufa walipoangukia, wakaliwa na panya wengine. Katika makundi yaliyoathirika zaidi, vifo vya watoto vilifikia asilimia 96. Chakula na maji vilikuwapo tele. Mama hao hawakuwa wakipunguza idadi ya watoto kwa hesabu yoyote. Malezi yenyewe yalikuwa yamesambaratika.

Tumbo lililojaa na vitamini iliyokosekana

Kati ya visa vyote vilivyochunguzwa, hakuna kinachofundisha zaidi ya kile cha hamsta wa Ulaya katika jimbo la Alsace, mashariki mwa Ufaransa. Mnyama huyu, aliye mkubwa kuliko hamsta wafugwao majumbani, zamani alionekana kila mahali mashambani hata akahesabiwa kuwa mharibifu wa mazao. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili lilimweka katika kundi la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Moja ya mabadiliko yaliyompata ni mashamba ya mazao mchanganyiko kugeuzwa kuwa mashamba makubwa ya zao moja, hususan mahindi.

Mathilde Tissier na wenzake wa Strasbourg walitaka kujua kama lishe ya mahindi inaathiri uzazi, na mwaka 2017 wakachapisha walichokikuta. Majike waliolishwa mahindi walizaa kama wenzao waliolishwa ngano, na vipimo havikuonyesha upungufu mkubwa wa nishati, protini wala madini uliotosha kueleza kilichofuata. Lakini wakati takriban wanne kati ya kila watoto watano wa kundi la ngano walikua mpaka kuacha kunyonya, katika kundi la mahindi waliofikia hatua hiyo walikuwa asilimia 5 tu. Mama waliwaweka watoto kwenye akiba yao ya mahindi, kisha wakawala wakiwa hai, siku ileile ya kuzaliwa. Walikimbia kwa kuzunguka vizimbani, na ndimi zao zilivimba na kuwa nyeusi.

Ulimi mweusi ndio ulioelekeza kwenye jibu. Mahindi yana vitamini B3, inayoitwa pia niasini, lakini sehemu kubwa yake imefungwa kwa namna ambayo utumbo hauwezi kuifungua, na yana upungufu wa triptofani, kiini cha protini ambacho mwili ungeweza kukitumia kutengeneza vitamini hiyo. Binadamu wanaoishi kwa mahindi pekee hupata ugonjwa wa pelagra, ambao huanza na ngozi na tumbo na kuishia kwenye akili. Mbwa wenye upungufu huohuo hupata ulimi mweusi, na ni kwa mbwa hao ambapo Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alionyesha mwaka 1937 kwamba asidi ya nikotini, ambayo ni niasini hiyohiyo, inaponya. Watu wa asili wa Amerika, waliokula mahindi kwa maelfu ya miaka, waliyapika kwa maji ya chokaa, na utayarishaji huo huifungua vitamini hiyo. Zao liliposafiri kwenda mabara mengine, utayarishaji haukusafiri nalo. Hamsta wa Strasbourg walipoongezewa vitamini B3, mauaji yalikoma na mama wakalea.

Mfugaji anapaswa kulitafakari jambo hili kwa makini, kwa sababu ushauri unaorudiwa mara nyingi ni kwamba mama aliyekula watoto alikuwa na njaa ya nyama, basi aongezewe yai au wadudu. Katika majaribio hayo, minyoo ya ardhini ilikuwa sehemu ya lishe ya mahindi tangu mwanzo na haikuzuia chochote. Chakula kinaweza kuwa kingi, kikawa na protini, na bado kikakosa kitu kimoja kidogo ambacho ubongo hauwezi kufanya kazi bila yake. Mchanganyiko wa mbegu zinazouzwa kwa ajili ya wanyama hawa una hatari inayofanana, kwa kuwa mnyama huchagua anazozipenda na kuziacha nyingine, na mwenye kujaza bakuli haoni tofauti kati ya kilichowekwa na kilicholiwa.

Hofu, kelele na kiota

Mama aliye porini na aliyegundua kwamba kiota chake kimejulikana na adui ana njia mbili: kuwahamisha watoto, au kuwaacha na kuokoa nguvu kwa uzao mwingine. Aliye kizimbani hana pa kuwahamishia. Mkono unaoingia mara kwa mara, taa kali, mbwa au paka anayenusa wavu, watoto wa nyumbani wanaotaka kuona, na usafi wa kizimba unaoondoa kila harufu aliyoizoea, vyote humwambia jambo moja ambalo hawezi kulikimbia.

Kuna kelele ambazo mfugaji mwenyewe hazisikii. Watoto wa panya wanaopoa au waliotoka nje ya kiota huita kwa sauti za takriban kilohezi 40 hadi 80, wakati sikio la binadamu hukoma karibu na kilohezi 20. Vifaa vya umeme, bomba linalovuja na hata magurudumu yanayolia yanaweza kutoa sauti katika masafa hayo, na chumba ambacho kwa mtu ni kimya kwa mama kinaweza kuwa na mlio usiokoma. Mtoto aliyepoa sana huacha kuita. Naye mtoto asiyeita wala kutikisika, kama ilivyokwisha elezwa, huchukuliwa kuwa amekufa. Hivyo baridi inaweza kuonekana kuwa ni ukatili wa mama.

Matandiko yana uzito mkubwa hapa. Tallie Baram wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, na watafiti wengine waliomfuata wametumia njia moja rahisi kuchunguza madhara ya malezi mabaya: wanampunguzia mama vifaa vya kujengea kiota. Hawamlazi njaa wala hawamtishi. Malezi yake hukatikakatika. Huingia na kutoka kiotani mara nyingi, na katika majaribio ya namna hiyo kwa panya wakubwa mama huonekana wakiwakanyaga watoto na kuwaburuta. Upande wa pili wa ushahidi ni kwamba panya wadogo wa maabara waliopewa gramu 8 au zaidi za vifaa vizuri vya kiota walilea vizuri zaidi, jambo lisiloshangaza ukikumbuka kwamba vyumba vya maabara huwa na nyuzijoto 20 hadi 24 za Selsiasi ilhali mwili wa mnyama huyo hustareheka karibu na nyuzi 30.

Washukiwa wengine

Pale wanyama wengi wanapoishi pamoja, mama aliyekutwa na damu mdomoni anaweza kuwa amefika baadaye. Katika mbuga za Dakota Kusini, Marekani, John Hoogland aliwafuatilia kwa miaka mingi kindi wa ardhini wenye mikia myeusi nchani na akakuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya uzao wote huguswa na mauaji, na kwamba wauaji wakubwa ni majike wanaonyonyesha, wanaoingia kwenye mashimo ya majike wengine, mara nyingi wa ukoo wao wenyewe. Majike wa panya wadogo wanaolea katika kiota kimoja huweza pia kuua watoto wa mwenzao, hasa wanapokuwa wao wenyewe wana mimba iliyokaribia.

Madume wana kanuni ya ajabu. Dume wa panya mdogo ambaye hajapanda jike huwa na uwezekano mkubwa wa kuua watoto anaokutana nao, lakini Frederick vom Saal alionyesha kwamba baada ya kupanda, tabia hiyo hufifia na karibu kutoweka katika muda unaolingana na mimba, yaani wiki tatu hivi, kisha baadaye hurudi. Dume hana haja ya kuwatambua wanawe mmoja mmoja. Saa iliyo mwilini mwake inamtosha. Dume mgeni hana saa hiyo. Majike nao wana kinga yao: Hilda Bruce aligundua mwaka 1959 kwamba panya mdogo aliyetoka kushika mimba, akikutana na harufu ya dume mgeni, mimba huweza kuharibika, pengine kwa sababu kubeba watoto watakaouawa hakumfaidii.

Kuzuia huanza kabla ya mimba

Sehemu kubwa ya hatua zinazofaa huchukuliwa kabla mtoto wa kwanza hajazaliwa. Zinazobaki baada ya hapo ni chache na nyingi kati yake ni za kujizuia. Jike asipandishwe akiwa bado anakua, kwa kuwa mwili wake utagawana chakula kati ya mifupa yake mwenyewe na watoto. Hamsta huweza kushika mimba kabla ya kutimiza miezi miwili, na kwamba anaweza si sababu ya kumruhusu. Aliyenunuliwa dukani, ambako majike na madume mara nyingi huchanganywa, achukuliwe kuwa huenda ana mimba mpaka wiki tatu au nne zipite.

Mwenye mimba apewe chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya aina yake, cha vidonge vinavyofanana vyote ili asichague, chenye protini karibu asilimia 20, na chakula hicho kianzishwe mapema badala ya kubadilishwa siku ya kuzaa. Mboga na yai vinaweza kuongezwa. Visichukue nafasi ya chakula kamili. Maji yakaguliwe kila siku kwa kuhakikisha kwamba chupa inadondosha kweli, maana maziwa kwa sehemu kubwa ni maji, na chupa iliyoziba kwa usiku mmoja huweza kukausha matiti ya mama anayelea watoto kumi. Simbilisi, ambao watoto wao huzaliwa baada ya miezi miwili hivi wakiwa na manyoya na macho yaliyofunguka, mara chache sana huua watoto, lakini wao huhitaji vitamini C kila siku, kwa kuwa miili yao haiwezi kuitengeneza.

Kizimba kisafishwe kikamilifu siku mbili au tatu kabla ya siku inayotarajiwa, kisha kiachwe. Panya wadogo hubeba mimba kwa siku 19 hadi 21, panya wakubwa 21 hadi 23, hivyo anayejua tarehe ya kupandisha anaweza kukadiria. Karatasi laini isiyo na wino wala manukato, iliyochanwa vipande virefu, pamoja na nyasi kavu, iwekwe kwa wingi kuliko inavyoonekana kuhitajika. Pamba na nyuzi za nguo zisitumike, kwani hujizungusha kwenye miguu ya watoto. Kibanda chenye mlango mmoja humpa mama mahali pa kujificha. Gurudumu la mazoezi ni heri litolewe kwa wiki ya kwanza, hasa kwa hamsta ambaye huweza kukimbia humo na watoto wakiwa wamening'inia kwenye matiti.

Swali la dume hutegemea aina. Hamsta wa dhahabu huishi peke yake kwa maumbile, na dume aondolewe mara baada ya kupandisha. Kwa baadhi ya hamsta wadogo, kama hamsta wa Campbell, dume hushiriki malezi na hata kumsaidia jike wakati wa kuzaa, na kumtenga huongeza mzigo wa mama. Dume wa panya aliyeishi na jike kwa kawaida hawadhuru wanawe, lakini jike wa panya huwa tayari kupandwa tena ndani ya siku moja baada ya kuzaa; dume akiwapo, mama atanyonyesha uzao mmoja huku akibeba mwingine, na mzigo huo ndio tuliouona ukivunja malezi. Ikiwa ataondolewa, aondolewe siku kadhaa kabla ya uzazi, na asirudishwe wala kuletwa dume mwingine wakati watoto wananyonya.

Baada ya kuzaa, kazi ya mfugaji ni kuweka chakula na maji na kuondoka. Kwa panya waliozoea kushikwa, kutazama kiota kwa haraka mama anapokuwa nje akila hakuleti madhara, na imani kwamba harufu ya mkono pekee inatosha kumfanya mama aue imetiwa chumvi. Hata hivyo anayelazimika kumgusa mtoto asugue mikono kwanza kwenye matandiko ya kizimba hichohicho. Kwa hamsta, kiota kisiguswe kwa siku 10 hadi 14. Mtoto aliyekutwa nje akiwa baridi apashwe joto taratibu kiganjani kabla ya kurudishwa, kwa sababu aliye baridi na asiyetikisika akirejeshwa kiotani huenda akaliwa.

Na kama mama ameshaanza? Mtu akikuta mabaki ya mtoto mmoja au wawili na mama yuko kiotani amewalalia waliobaki, jambo lililo bora ni kutofanya lolote zaidi ya kuhakikisha chakula, maji na utulivu. Kumtenganisha na watoto kwa hasira au huruma huwaua wote, kwa kuwa kuwanyonyesha watoto hao kwa mkono karibu haiwezekani. Mambo hubadilika pale anapoonekana akishambulia watoto hai mmoja baada ya mwingine, au amewaacha wametawanyika na matumbo yao hayaonyeshi ile alama nyeupe ya maziwa inayoonekana kupitia ngozi nyembamba. Hapo njia inayoweza kufaa ni kuwapeleka kwa mama mwingine aliyezaa ndani ya siku mbili tatu zilizo karibu. Panya wadogo na wakubwa hukubali watoto wa kambo kwa urahisi, hasa wakichanganywa na wa kwake na kusuguliwa kwa matandiko yake wakati yeye yuko nje ya kiota. Hamsta hukubali mara chache zaidi. Mama mwenyewe akaguliwe na daktari wa mifugo, kwani matiti yaliyovimba na kuwa magumu, mtoto aliyekwama tumboni au damu isiyokoma humfanya kila anayemgusa, akiwamo mwanawe, kuwa chanzo cha maumivu.

Uzao wa kwanza hupotea mara nyingi zaidi kuliko unaofuata, na jike aliyeshindwa mara moja anastahili nafasi nyingine baada ya kupumzika na kurekebishiwa lishe na kiota. Anayeendelea kuua katika mazingira mazuri asipandishwe tena. Baadhi ya tofauti hizi ni za kurithi: mwaka 1996 watafiti walioondoa jeni iitwayo fosB kwa panya wadogo walikuta mama wazima kabisa wa mwili, wenye maziwa, ambao hawakuwakusanya watoto wao wala kuwalalia, na watoto wengi wakafa ndani ya siku chache. Jike wa namna hiyo hawezi kufunzwa kwa kuongezewa karatasi za kiota. Na binti zake waliosalimika watenganishwe na kaka zao mara wanapoacha kunyonya, karibu na siku ya 21, kwani wiki mbili au tatu baadaye wao pia wataweza kushika mimba.